Mboga za mlangoni ni kinga, lakini si kila cha asili ni salama

IMEKUWA desturi ya wakazi wengi wa Kisumu kuamini kwamba mboga hutoka sokoni. Anayeishi Manyatta, Obunga au Migosi huenda Kibuye au Jubilee, ama humngoja mama mboga wa kando ya njia wakati wa jioni, akanunua fungu la sukuma wiki na kurudi nyumbani. Huuliza bei. Haulizi mboga hizo zimekulia wapi, zimenyweshwa maji gani wala zilinyunyiziwa dawa lini. Huku nyuma ya nyumba anamoishi kuna kipande cha ardhi, kidogo kama kitanda, kilichoota nyasi na kugeuzwa mahali pa kutupa maganda.

Maoni yangu ni kwamba mazoea hayo yanatugharimu afya na pesa, na kwamba dawa yake iko karibu kuliko tunavyodhani. Familia yenye kipande cha ardhi, au hata magunia matatu mlangoni, inaweza kujilimia mboga kwa samadi, majani na majivu bila kununua mbolea ya dukani wala dawa ya chupa. Lakini nataka kusema na jambo la pili, ambalo wapenzi wa kilimo asilia hulipita haraka: neno "asili" si cheti cha usalama. Kinyesi cha ng'ombe ni cha asili. Maji ya mtaro ni ya asili. Tumbaku ni ya asili. Vyote vitatu vinaweza kumtia mtu hospitalini.

Damu na majani

Ukanda huu wa ziwa una malaria mwaka mzima. Vijidudu vya malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na mtoto anayeugua mara kwa mara hubaki na upungufu wa damu hata homa ikishapoa. Ongeza minyoo, ongeza mlo wa ugali na mchuzi mwepesi kila siku, na utaelewa kwa nini kina mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 ndio wanaoumia zaidi. Mboga haziponyi malaria, na anayeugua hana budi kupimwa na kupewa dawa. Lakini mwili unaojenga damu mpya unahitaji madini ya chuma na folati, na majani ya kijani yaliyokolea yana vyote viwili.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa familia ya watu sita inayonunua kila kitu, kiasi hicho ni ndoto. Kwa familia yenye bustani, ni suala la kuinama asubuhi na kuchuma.

Na tunayo mimea inayofaa zaidi kwa kazi hii. Osuga, ambayo wengine huiita managu au mnavu. Dek, yaani saga. Apoth, yaani mrenda. Boo, yaani kunde. Ododo, yaani mchicha. Mito, ile yenye uchungu kidogo. Hizi zilidharauliwa kwa miaka mingi zikaitwa chakula cha maskini, huku kabichi nyeupe ikipewa heshima ya mezani ilhali ina vitamini A kidogo mno ikilinganishwa nazo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango alizifanyia utafiti kwa miaka mingi akiwa Chuo Kikuu cha Maseno, kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ukamtuza. Leo hoteli za mjini zinaziuza kwa bei ya juu. Mboga iliyokuwa ya maskini sasa inamshinda maskini kununua, na hiyo ni sababu nyingine ya kuilima.

Lisha udongo, udongo utakulisha

Kosa la mkulima mgeni ni kukimbilia mbegu. Udongo ndio wa kuanza nao. Sehemu kubwa ya maeneo ya chini ya Kisumu, hadi nyanda za Kano, ina udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Udongo huu hauna ubaya wa rutuba. Shida yake ni kwamba mizizi haipumui. Tiba ni mboji nyingi, na tuta lililoinuliwa kiasi cha shubiri moja ili maji ya mvua ya Machi hadi Mei yasituame.

Kutengeneza mboji hakuhitaji pesa. Chagua mahali penye kivuli, ulegeze ardhi kwa jembe, kisha utandaze mabua au vijiti chini ili hewa ipite. Juu yake weka majani makavu, halafu majani mabichi na maganda ya jikoni, halafu samadi, kisha udongo kidogo na majivu kidogo. Mwagia maji. Rudia matabaka hayo hadi lundo lifike kiunoni au zaidi, ulifunike kwa nyasi au majani ya mgomba. Choma fimbo ndefu ndani yake kwa mshazari. Baada ya siku tatu uichomoe na kuishika: ikiwa ya moto, lundo linafanya kazi, ikiwa baridi na kavu, ongeza maji, ikiwa baridi na inanuka uvundo, maji yamezidi na hewa imekosekana. Lipindue baada ya majuma matatu, na tena baada ya mengine matatu. Kwa muda wa miezi mitatu hivi utapata kitu cheusi kinachonuka kama udongo wa msituni.

Mabaki ya samaki, yawe ya omena au mgongo wazi, usiyatie juu ya lundo. Huleta panya, mbwa na nzi. Yafukie chini kabisa au uyaache.

Kando ya barabara nyingi za magharibi ya Kenya kuna kichaka chenye maua ya manjano yanayofanana na alizeti. Wataalamu hukiita tithonia na Wajaluo hukiita maua makech, kwa sababu ya uchungu wake. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICRAF, KARI (sasa KALRO) na KEFRI walikichunguza huko Maseno wakakuta kwamba majani yake yakikaushwa yana naitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu karibu asilimia 4, na kwamba yakifukiwa mabichi huoza upesi. Watafiti hao waligundua pia kwamba kuyakata na kuyabeba ni kazi nzito, kiasi kwamba hayalipi vizuri katika shamba kubwa la mahindi bali katika kipande kidogo cha mboga. Kwa maneno mengine, mmea huu umeumbiwa bustani ya nyumbani. Katakata majani na matawi laini, yafukie juma moja au mawili kabla ya kupanda. Ama yaloweke ndani ya ndoo yenye kifuniko kwa majuma mawili, uchuje, uchanganye kikombe kimoja cha maji hayo na viwili vya maji safi, umwagie kwenye shina.

Na gugu maji? Mmea huu umekuwa kero ya wavuvi wa ghuba ya Winam tangu miaka ya 1990, na kila mara husikika ushauri kwamba tuugeuze mbolea. Inawezekana. Lakini una sifa ya kufyonza madini mazito kutoka majini, hasa kwenye mizizi. Anayetaka kuutumia auchukue mbali na midomo ya mito inayobeba uchafu wa mji kama Kisat na Auji, akate mizizi na kuitupa, aunyaushe juani kwa sababu karibu mwili wake wote ni maji, kisha auchanganye na majani makavu ndani ya lundo la moto. Asiutandaze mbichi bustanini.

Asiye na shamba ana gunia

Wapangaji husema hawana ardhi. Chukua gunia la kilo 90 lililobeba nafaka, wala si lililobeba mbolea ya kiwandani au saruji. Changanya madebe mawili ya udongo kwa debe moja la samadi iliyoiva. Ukiwa na ule udongo mweusi unaonata, ongeza debe moja la mchanga. Chukua mkebe uliotobolewa pande zote mbili, uusimamishe katikati ya gunia, uujaze kokoto, uuzungushie udongo, kisha uuvute juu na kurudia hadi gunia lijae. Utabaki na nguzo ya kokoto katikati inayopeleka maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, umbali wa shubiri moja kati ya tundu na tundu, upande miche ya sukuma wiki au osuga ubavuni na juu. Gunia moja hubeba miche 30 au zaidi.

Mchicha utauchuma baada ya majuma matatu au manne. Dek huwahi pia, lakini ina haraka ya kutoa maua; yakate maua yanapochomoza ili majani yaendelee. Mbegu za apoth ni ngumu kuota, na wengi hudhani zimekufa: zifunge kwenye kitambaa, uzitumbukize ndani ya maji yanayochemka kwa sekunde 10 tu, uzitoe na kuzipoza, kisha upande. Kunde na mito huongeza naitrojeni ardhini, kwa hivyo zipande mahali palipochoshwa na sukuma wiki.

Maji yasikutishe. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Nyumba ndogo ya mabati yenye ukubwa wa mita 5 kwa 4, katika mvua moja ya milimita 20, humwaga lita 400. Hizo ni jerikeni 20 zinazopotelea matopeni. Weka mfereji na pipa. Kisha funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu, kwani jua la Kisumu hunywa maji kabla ya mmea.

Wadudu bila chupa ya sumu

Anayekula mboga alizolima ana faida moja isiyopatikana sokoni: anajua tarehe ya mwisho ya kunyunyiza dawa. Kila dawa ya kiwandani ina siku za kungoja kabla ya kuvuna, lakini muuzaji mwenye haja ya pesa si rahisi angoje.

Njia za bei nafuu zipo. Kwa vidukari, chukua kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali kwa kila lita ya maji, unyunyize chini ya majani jioni, urudie baada ya siku chache. Kwa viwavi, saga mbegu za mwarobaini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, uloweke usiku kucha, uchuje na kunyunyiza. Mwarobaini haumwangushi mdudu papo hapo. Humfanya akome kula na ashindwe kukua, kwa hivyo usikate tamaa siku ya kwanza. Majivu makavu yakizungushiwa shina huwazuia sota wanaokata miche usiku.

Kuliko yote, changanya mimea. Kituo cha ICIPE kilichoko Mbita kimejulikana duniani kwa njia ya "vuta sukuma", ambayo desmodiamu hupandwa kati ya mahindi na matete hupandwa pembeni ili kumfukuza na kumnasa kiwavi anayetoboa mabua, na papo hapo kupunguza kayongo. Hiyo ni ya shamba la mahindi, lakini somo lake linafaa hata bustani ya hatua tatu: mdudu anayekuta mmea wa aina moja tu amekuta karamu. Mpandie kitunguu kati ya sukuma wiki, na dania kati ya nyanya.

Yale ya asili yanayodhuru

Sasa niseme yasiyosemwa. Kwanza, samadi mbichi. Kinyesi cha ng'ombe, mbuzi au kuku kina bakteria, na samadi ya kuku huunguza hata mizizi. Ipitishe kwenye lundo la moto au uiache ioze kwa miezi kadhaa. Kinyesi cha binadamu kisiingie bustanini kamwe. Mayai ya minyoo hukaa ardhini muda mrefu.

Pili, maji taka. Mabonde ya Nyalenda na Dunga yana rutuba na maji, na watu wengi hupata riziki huko. Lakini maji yanayotoka mjini yakiwa hayajasafishwa ipasavyo hubeba vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Mboga huonekana ya kijani na nono kwa sababu imelishwa uchafu. Ukinunua, ioshe kwa maji safi yanayotiririka kisha uipike vizuri. Ukilima, tumia maji ya mvua au ya bomba.

Tatu, maji ya ziwa. Anayeingia hadi magotini kuteka maji ya kunyweshea anaweza kutoka na kichocho, kwani konokono wanaokisambaza hukaa kwenye magugu ya ufuoni. Watoto wasitumwe kazi hiyo.

Nne, mbu. Pipa la maji lisilofunikwa ni kitalu cha mbu, na yai huweza kuwa mbu mzima kwa muda wa juma moja au mawili. Funika kila chombo kwa kitambaa au wavu, na umwage yaliyotuama kila juma. Haifai tulime dawa ya damu mlangoni huku tukifuga anayeinyonya.

Tano, tumbaku. Bado kuna wanaoshauri kuloweka tumbaku na kunyunyiza mboga. Nikotini ni sumu kali inayopita hata kwenye ngozi, na tumbaku huambukiza nyanya virusi. Achana nayo.

Sita, mahali penyewe. Usilime palipokuwa gereji, palipovunjiwa betri kuukuu au ukingoni mwa barabara kuu. Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya katika miaka ya 2000, lakini risasi iliyotua ardhini haiozi. Usipande pia ndani ya mikebe ya rangi au mitungi ya kemikali.

Jikoni ndiko kunakoharibika

Mboga ikishachumwa, bado twaweza kuipoteza. Wengi hutia magadi au kado ili majani yalainike upesi; kiasi kikubwa huua vitamini. Wengine huchemsha na kumwaga maji pamoja na nguvu yote. Osha kabla ya kukata, pika kwa muda mfupi, tia mafuta kidogo au maziwa kama wazee walivyofanya, kwa maana vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uichukue. Kamulia ndimu mezani, kwani vitamini C husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Na ile chai ya rangi ya kushushia ugali iahirishwe kwa saa moja au zaidi, kwa sababu huzuia madini hayo hayo.

Wajibu usio wa mwananchi peke yake

Itakuwa dhuluma kumwachia mama wa Obunga mzigo wote. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka kilimo, huduma za afya za mashinani na uzoaji wa taka mikononi mwa serikali moja, ile ya kaunti. Hakuna kisingizio cha idara hizo kutozungumza. Soko la Kibuye hutoa majani na maganda mengi yanayooza kila siku. Yakitenganishwa na plastiki pale pale sokoni, yanaweza kuwa mboji ya bustani za mji badala ya kunuka majaani. Sheria ya Miji ya 2011 inakubali kilimo cha mjini chenye utaratibu. Basi utaratibu huo uandikwe: wapi pa kulima na wapi pasilimwe, nani apime maji na udongo wa mabonde, na matokeo yabandikwe wapi ili mlimaji na mnunuzi wayasome. Kumfukuza mkulima wa Nyalenda bila kumpa maji safi ni kumhamishia njaa. Kumwacha bila kumpima ni kuuhamishia mji mzima maradhi.

Wenye nyumba nao wana sehemu yao. Mpangaji anayeomba kuweka magunia matatu karibu na ukuta haharibu ploti. Anaifanya iwe safi, kwa sababu maganda yake hayafiki mtaroni.

Najua yupo atakayesema hana wakati. Bustani ya magunia matatu haihitaji zaidi ya dakika chache asubuhi na jioni. Yupo atakayesema mboga chache haziwezi kubadilisha lishe ya nyumba. Haba na haba hujaza kibaba, na mtoto hahitaji gunia la mboga bali konzi ya majani kila siku, bila kukosa siku ambayo mfuko wa mzazi ni mtupu.

Mvua inayofuata isikukute bado unajadiliana na nafsi yako. Anza juma hili kwa lundo moja la mboji na gunia moja. Ukila mboga ambayo udongo wake unaujua, maji yake unayajua na dawa yake ni majivu ya meko yako, utakuwa umepata kitu ambacho hakiuzwi Kibuye kwa bei yoyote.